Hii Boda Haiendi Popote

Asubuhi nimetoka kwenye geti nikakuta mama mmoja tayari amekaa nyuma ya pikipiki yangu, mkoba mapajani, amenuna kabisa kwa kucheleweshwa. "Donholm, hamsini, na usinipitishe kwa mashimo." Nikamfahamisha kwa heshima zote kwamba mimi si mtu wa boda, mimi ni msafiri wa kimataifa. Akanikagua kuanzia viatu hadi kofia. "Haya basi, sitini."

Nilimpeleka. Sitini ni sitini.

Ndiyo taabu ya kuwa na Boxer, pikipiki ile ile ya watu wa boda, hapa Nairobi. Mzungu akipita na lile pikipiki lake kubwa, watu wanampisha na kumpiga picha. Mimi nikisema naenda Cape Town, kwamba nitatokea Namanga, nishuke Dodoma hadi Tunduma, niingie Zambia, nivuke lile daraja la Kazungula lililofunguliwa 2021, zaidi ya kilomita 5,000 za lami na vumbi, mtu ananiuliza kama nitapitia Kayole nimwachie dada yake unga.

Na kurudi nyuma siwezi. Nyumba nilishamwachia landilodi, kitanda nikauza, na nimeshaagwa. Pilau ililiwa, maombi yakaombwa, bahasha zikapita. Ukishaagwa hivyo huna ruhusa ya kuonekana ukinunua sukuma wiki. Kwa hivyo nimejificha Umoja kwa Baba Brayo, kwenye sofa ya watu wawili, nami ni mtu wa futi sita. Mama Brayo hajanitamkia neno baya hata siku moja. Ananimiminia chai tu, anauliza kwa upole, "Shem, kwani huko Namanga bado hawajafungua?"

Makaratasi nayo, wacha tu. Bima ya COMESA ya kuvuka mipaka inaitwa kadi ya njano. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano nacho ni cha njano. Wakala wa bima amenitaka nionyeshe nilipodungwa, nesi ameniuliza namba ya injini. Sindano yenyewe ni ya maisha, nashukuru, lakini cheti hakihesabiki mpaka zipite siku 10. Siku 10 za sofa.

Lakini haya yote ningeyameza kama si yule fundi wa Kamukunji.

Nilitaka masanduku mawili ya bati ya kufunga ubavuni. Kwa sanduku, Kamukunji hawana mpinzani. Sisi tuliosoma bweni tumelia juu ya kazi yao. Nikamkuta fundi anagonga.

"Mtoto ameitwa shule gani?"

"Si ya mtoto, fundi. Ni ya pikipiki."

"Hongera hata hivyo."

Nikamchorea kwenye katoni. Kifuniko kifunguke juu, mpira wa kuzuia mvua, kona ya chini ikatwe. Akautazama mchoro kama daktari mwenye eksirei ya habari mbaya.

"Hapa umekata kwa nini?"

"Ekzosi."

"Sanduku lina ekzosi?"

"Pikipiki ndiyo ina ekzosi!"

"Aaa. Ni ya mkate ama ya mayai?"

"Ya nguo. Naenda Cape Town."

"Hiyo ni estate mpya?"

Nilipomwambia iko Afrika Kusini, aliacha kugonga. Wa pembeni naye akaacha. Kamukunji nyundo zikinyamaza, hata walio mbali wanakuja kuona nani ameumia. Kikao kikaitishwa bila mimi kuulizwa. Mmoja akataka kujua kama ndege zimeisha. Mwingine akanivuta kando, ana binamu yake anayetafuta njia ya kufika Tunduma, na kwamba ni mwembamba. Mzee mmoja akapiga Boxer teke la gurudumu na kusema, "Hii itafika. Wewe ndiye sijui."

Nikaweka depositi. Njoo Alhamisi. Alhamisi riveti zimeisha. Ijumaa fundi yuko matangani. Jumatatu nikayapata, na haki ya Mungu yalikuwa mazuri: ya buluu, riveti zimenyooka, pembe zimekunjwa vizuri. Kona ya ekzosi haikukatwa. Mpira wa mvua hakuna. Ndani kuna kijisanduku cha sabuni. Na juu ya vifuniko vyote viwili, kwa rangi nyeupe: JINA, KIDATO, BWENI.

"Hayo maandishi ni bure," akaniambia. "Huko nje watu wanaiba."

Jamani! Nilichora! Kitu kimoja nilichosisitiza ni mvua, na mpaka sasa hakuna anayeweza kuniambia mpira ulienda wapi. Wala hasikii aibu, anataka nimtumie picha nikifika.

Basi Mama Brayo kuyaona tu, akayapima kwa macho. Mtungi wa lita 20 unaingia kila upande, bila hata kifuniko kugusa. Na mifereji ya ploti imekauka tangu wiki jana, keteka, yule mtunza ploti, anasema ni pampu, landilodi anasema ni keteka. Kwa hivyo hapa nilipo, msafiri wa kimataifa, niko kwenye foleni ya bauza, lile lori la maji, nyuma ya bwana mmoja mwenye mitungi kumi na miwili, na watu wote wamenyamaza kama hawaoni. Kumi na miwili! Anaishi peke yake pale orofa ya tatu, namjua. Anafua nini huyu?