Madesa hayatakuvusha mtihani wa Kiingereza

Jumamosi moja asubuhi muuguzi alikaa mbele yangu katika chumba ninachofundishia watahiniwa wa IELTS, mtihani wa Kiingereza unaodaiwa na vyuo vingi vya nje, hapa Pasua, Moshi. Nikamuuliza kwa Kiingereza swali jepesi: unaishi wapi, na unapapenda? Akanyoosha mgongo, akakaza macho ukutani nyuma yangu, na maneno yakaanza kumiminika kama shairi la siku ya mahafali. Moshi ni mji mchangamfu uliolala chini ya mlima mrefu kuliko yote Afrika. Moshi una mchanganyiko wa kuvutia wa mambo ya kale na ya kisasa. Nikamkatiza: ukiwa na zamu ya usiku unafikaje kazini, vifodi unavipata? Akanyamaza. Akameza mate. Kisha akarudi mwanzo: Moshi ni mji mchangamfu...

Huyu ni mtu aliyekaa wodi ya wazazi miaka sita. Anakabidhi zamu, anajaza faili za wagonjwa kwa Kiingereza, anasoma maelekezo ya dawa bila kuuliza mtu. Swali la kifodi lilimkwamisha kwa sababu halikuwemo kwenye madesa.

Alinionyesha madesa yenyewe. Kurasa tisini za fotokopi zimebanwa kwa pini, maswali na majibu yake, aliyouziwa na kituo kimoja cha tuisheni kwa laki moja na nusu. Aliambiwa ameze yote, bendi 7, yaani alama ya 7, itakuja yenyewe. Alikuwa ameshafanya mtihani mara moja, akapata 5.5 kwenye kuongea. Chuo alichoomba Uingereza kilitaka wastani wa 6.5, na pasiwe na sehemu hata moja iliyo chini ya 6. Nilipomaliza kuyapitia yale makaratasi nilikuwa na hasira, na hasira hiyo bado ninayo ninapoandika.

Tuanze na kuongea kwenye IELTS, maana ndiko madesa yanakoua watu wengi. Unakaa na mtahini ana kwa ana kwa dakika 11 hadi 14. Kwanza anakuuliza habari zako za kawaida: nyumbani, kazi, chakula, mapumziko. Pili anakupa kadi yenye mada, unapewa dakika moja ya kujipanga na karatasi ya kuandikia vidokezo, kisha unaongea mwenyewe hadi dakika mbili. Tatu anaishika ile mada na kukuvuta kwenye maoni: kwa nini iko hivyo, zamani ilikuwaje, unadhani miaka ijayo itabadilika? Swali la tatu linazaliwa kwenye jibu lako la pili, na hakuna mtu aliyeliandika popote ulikariri. Mtahini anasikia watu kila wiki, na mwaka mzima. Aliyekariri anajulikana kwa macho yake ukutani na kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na anajulikana zaidi pale Kiingereza cha dhahabu kinapogeuka ghafla kuwa cha kubabaika baada ya swali moja la ziada.

Sisemi haya kama mtu msafi. Mwaka wa kwanza nilipoanza kufundisha watahiniwa, nami niligawa majibu ya kukariri. Niliyatunga kwa mkono wangu, nikayapiga chapa, nikawagawia vijana kumi na moja. Wawili tu walipata walichokitaka, na hao wawili wangekipata bila mimi. Wengine walilipa ada ya mtihani, ambayo ni laki kadhaa, pesa ya familia nzima, wakarudi na karatasi isiyowafikisha popote. Mama wa mmoja wao aliuza ng'ombe. Nikikutana naye Mbuyuni bado ananiitikia vizuri, na mimi bado naona aibu.

Ila tabia hii ya kumeza haikuanzia kwenye tuisheni. Wengi wetu tulisoma miaka 7 ya msingi kwa Kiswahili, tukaingia kidato cha kwanza, na kuanzia wiki ile baiolojia, jiografia, historia na hesabu zote zikageuka Kiingereza. Mwalimu anaandika ubaoni, sisi tunanakili. Aliyenakili vizuri na kumeza vizuri ndiye aliyefaulu. Miaka minne, sita, wengine kumi, mtu anakiweka Kiingereza kichwani kama mahindi ghalani. Hakuna aliyemwomba akitumie kueleza kwa nini amechelewa, au kubishana, au kuomba radhi.

Na penye kudai tuongee, ilidaiwa kwa adhabu. Shule niliyosoma kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba, anavalishwa shingoni aliyekamatwa akiongea Kiswahili, naye anakaa nacho hadi amnase mwenzake. Nilikivaa kidato cha pili, kuanzia Jumanne hadi Alhamisi, nikakipokeza kwa msichana niliyemsikia akiomba chumvi. Kiingereza changu hakikuongezeka hata neno. Nilichojifunza siku zile ni kufunga mdomo, kwa sababu aliyenyamaza hakamatwi kwa Kiswahili wala hachekwi kwa Kiingereza.

Kuchekwa ndiko hasa kunakotumaliza. Nilimwambia yule muuguzi aweke madesa chini, anisimulie kwa Kiswahili siku aliyokasirika sana kazini. Akasimulia habari ya mama aliyeletwa usiku amechelewa kwa sababu mume alikuwa anatafuta nauli. Alisimulia kwa mikono, kwa uso, kwa sauti. Dakika tatu zilipita bila mimi kuangalia saa. Nikamwambia: sasa hiyohiyo, kwa Kiingereza. Akaanza vizuri, kisha akamtaja yule mama kwa neno la mwanamume, kosa tunalofanya sote kwa sababu Kiswahili kina "yeye" mmoja tu. Mkono ukaruka ukaziba mdomo. Nimeuona mkono ule kwa watu wengi: walimu, mahakimu, mainjinia. Ni mkono wa mtu anayesubiri darasa licheke.

Linganisha na vijana wetu wa mlimani. Nina kijana mgumu, ndivyo tunavyowaita wabeba mizigo wa mlimani, ameishia kidato cha nne, amebeba mizigo ya watalii misimu minane, Marangu na Machame. Anaongea na Waaustralia kana kwamba walicheza wote chandimu. Makosa anayo tele na wala hasimami kuyatazama, kwa sababu huko juu anayekosea hachekwi. Wanachotaka ni kujua maji yako wapi na kambi iko mbali kiasi gani. Nilipompa mtihani wa majaribio, kusikiliza na kuongea aliwapita wenye shahada wote waliokuwemo chumbani. Kuandika ndiko kulikomwangusha, na vibaya. Basi nimemkalisha na muuguzi. Kila mmoja ana kile ambacho mwenzake hana.

Kuhusu kusikiliza nina jambo ambalo sijaliona likifundishwa, na linatupotezea alama bure. Rekodi inapigwa mara moja tu, kama nusu saa, maswali 40. Sehemu ya kwanza ndiyo nyepesi kuliko zote: mtu anapiga simu kuulizia chumba au safari, anataja jina lake herufi kwa herufi, namba ya simu, tarehe, saa. Hapo ndipo watu wetu wanapomwaga alama, na tatizo si msamiati. Herufi tulifundishwa darasa la kwanza kwa Kiswahili. Mwingereza akitaja E, sikio letu linasikia "i", na mkono unaandika I. Akitaja I tunasikia "ai", mkono unakimbilia A. Akitaja A tunasikia "ei", tunaandika E. Jina limeshakuwa la mtu mwingine. Kisha saa. Ofisi inafunguliwa kumi na nusu kwa hesabu yao, kichwa cha Mswahili kinatafsiri chenyewe bila kuombwa, na kalamu inaandika 4:30. Nimeliona kosa hilo kwa mtu mwenye uzamili, na alipooneshwa alikataa kuamini kwamba ni mwandiko wake.

Dawa yake haina gharama. Nawapanga wawili wawili wapigiane simu usiku na kutajiana majina ya ukoo kwa herufi za Kiingereza: Lyimo, Massawe, Kimaro, Ndesamburo. Kwa simu, maana midomo haionekani. Baada ya wiki mbili sikio linakuwa limezoea. Kinachohitaji muda zaidi ni irabu. Kiswahili kina irabu tano, kila moja inatamkwa kamili popote ilipo, na mkazo karibu siku zote unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza kinahamisha mkazo kinavyotaka, na irabu zisizo na mkazo kinazimeza. Neno lenye silabi nne kwenye karatasi linatoka mdomoni na tatu. Kwa hiyo chukua taarifa ya habari ya BBC, dakika tatu tu, andika kila neno, rudia, andika tena. Inachosha sana. Fanya hivyo kila siku kwa miezi mitatu.

Kusoma sitakaa sana, isipokuwa kwa swali moja. Kuna maswali ya kuchagua kweli, si kweli, au haikutajwa, na yanatunasa kwa ujuzi wetu. Niliwapa makala kuhusu kahawa. Kijana wa Old Moshi, aliyekulia katikati ya mibuni, akajibu "kweli" kwenye sentensi iliyosema mbuni huchukua miaka mitatu hadi minne kuanza kuzaa. Ni kweli kabisa, na babu yake angemuunga mkono. Ila makala haikusema neno lolote juu ya hilo. Jibu lilikuwa "haikutajwa". Anayepima hapo hakuulizi unajua nini kuhusu kahawa, anakuuliza karatasi imesema nini.

Kwenye kuandika unapewa dakika 60 kwa kazi mbili: ya kwanza isipungue maneno 150, ya pili isipungue 250, na ya pili ina uzito mara mbili. Bado nakuta watu wanapamba ya kwanza kwa dakika 40. Lakini ugonjwa mkubwa zaidi ni insha isiyo na hoja. Wanaanza wote kwa sentensi ileile ya kukariri kuhusu dunia ya leo ya utandawazi, wanaendelea na faida tatu na hasara tatu, na ukimaliza kusoma hujui mwandishi anaamini nini. Siku hizi siwaruhusu kushika kalamu kabla hatujabishana kwa Kiswahili. Juzi mada ilikuwa kama bodaboda ziondolewe katikati ya miji. Yule mgumu alisimama, akasema ukiziondoa pale stendi umemwondoa mama mwenye mzigo wa ndizi, na akauliza nani atambebea hadi sokoni. Muuguzi akamjibu kwa idadi ya miguu iliyovunjika anayoiona ikiletwa hospitalini kwa usiku mmoja. Chumba kiliwaka. Tulipokaa kuandika, kwa mara ya kwanza insha ya mgumu ilikuwa na mgongo. Sarufi yake ilikuwa mbovu, ndiyo, lakini sarufi ya mtu mwenye la kusema inarekebishika. Wanaodhani Kiswahili ni kikwazo kwenye mtihani huu wangeiona siku ile.

Kwa wauguzi na madaktari, ulizeni pia kama mnakokwenda wanapokea OET. Ni mtihani wa Kiingereza uliotungwa kwa ajili ya watu wa afya: kuandika ni barua, mara nyingi ya rufaa ya mgonjwa, na kuongea ni mazungumzo na mgonjwa wa kuigiza. Baraza linalosajili wauguzi Uingereza linaupokea sawa na IELTS. Kwa mtu anayeandika rufaa kila wiki, huko ni nyumbani. Chuo cha muuguzi wangu kilitaka IELTS, basi hatukuwa na la kuchagua. Na kumbukeni matokeo ya IELTS yanahesabiwa kuwa hai kwa miaka 2, kwa hiyo usikimbilie kuufanya kabla hujajua unaomba wapi na lini.

Nawaomba wenzangu tunaofundisha haya mambo, Moshi na Arusha: tuache kuuza majibu. Najua madesa yanalipa kuliko mazoezi, na najua mteja mwenyewe ndiye anayeyaulizia akiingia mlangoni. Yule mama aliyeuza ng'ombe pia alidhani ananunua kitu. Na walimu wa sekondari, hata dakika kumi za kila kipindi, waacheni watoto waongee ovyo. Anayecheka ndiye aitwe mbele.

Muuguzi anafanya tena mwezi ujao. Jumamosi iliyopita nilimuuliza swali la sehemu ya tatu: je, ni haki mwenye pesa ahudumiwe kwanza hospitalini? Akaniangalia usoni. Akasema hapana, akaanza kueleza kwa nini, akachanganya mwanamke na mwanamume, akajirekebisha katikati ya sentensi na kuendelea, mikono yote miwili mezani. Nilikuwa na swali jingine tayari. Sikumkatiza.