Mpaka Umesogea Usangu, Maji Hayajarudi Ruaha

Pita barabara ya TANZAM, iendayo Zambia, mwishoni mwa kiangazi, kati ya Igawa na Igurusi, wilayani Mbarali kwenye bonde la Usangu, mkoani Mbeya. Mpunga ulishavunwa zamani, lakini mifereji bado ina maji. Watoto wanachota kwa ndoo, akina mama wanafua. Mto unaojaza mifereji hiyo, Ruaha Mkuu, ukiufuata hadi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, upande wa Iringa, unakuta mchanga mtupu. Tembo wanachimba kutafuta maji, viboko wamebanana kwenye dimbwi la tope. Mandhari hiyo inaniuma kila ninapoikumbuka.

Ruaha Mkuu haukuwa mto wa msimu. Ulikauka hifadhini mwishoni mwa 1993, na tangu hapo kukatika kiangazi kumekuwa mazoea. Mwaka 2001 Frederick Sumaye, akiwa Waziri Mkuu, alitangaza jijini London kwamba ifikapo 2010 mto utatiririka mwaka mzima. Mwaka 2010 ulifika ukapita.

Serikali ilitafuta jawabu kwenye ardhi. Wafugaji waliondolewa Usangu kati ya 2006 na 2007, kisha 2008, kwa Tangazo la Serikali Na. 28, Pori la Akiba la Usangu likaingizwa hifadhini pamoja na maeneo jirani. Ruaha ikavuka kilomita za mraba 20,000. Hoja ya wahifadhi, kwamba mifugo inaharibu ardhioevu ya Ihefu iliyoko humo Usangu, ina uzito, na anayeibeza hajaielewa Ihefu. Ardhioevu ile ni kama bakuli: inapokea maji ya mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera, kisha inayaachia polepole kupitia mwamba wa Ng'iriama. Kina kikishuka chini ya ukingo wa mwamba, hata kama bakuli bado lina maji, hakuna yanayovuka kwenda hifadhini. Makundi makubwa ya ng'ombe yakikanyaga mahali kama hapo, madhara yapo.

Lakini maji mengi yanachepushwa juu huko, kwenye mabanio (vizuizi vya mtoni vinavyoelekeza maji mferejini) ya skimu za mpunga, kabla hayajaiona Ihefu. Kumhamisha mfugaji hakufungi banio.

Na mkulima naye ana lake. Hakuanza kulima kwa wizi. Shamba kubwa la Mbarali lilijengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China, na serikali yenyewe ilihimiza kilimo cha umwagiliaji. Halafu mpaka wa hifadhi wa 2008 ukapita juu ya vijiji vya watu. Mgogoro ukaburuzwa miaka 15, hadi Tangazo Na. 754 la 2023 liliporudisha sehemu ya ardhi kwa wananchi, huku wengine wakitakiwa kuhama. Mtu asiyejua mwakani atalala wapi, utamwambiaje asakafie mfereji ili maji yasizame ardhini?

Kwa maoni yangu, hifadhi ina haki kuhusu mto, ila mpaka si dawa yake. Kiangazi, maji mengi ya mfereji hayaendi shambani. Mfereji unaachwa wazi kwa sababu kijiji kinakunywa humo, kinafua humo, kinanyweshea mifugo humo. Ili kaya zipate ndoo chache, mto mzima unachepushwa, na sehemu kubwa inazama ardhini au inaishia juani. Kijiji chenye visima vya uhakika kinaweza kufunga banio mwezi wa saba na kisiteseke. Wapo pia wanaowahi kuotesha vitalu kabla ya mvua ili wawahi bei nzuri ya mchele. Hao siwatetei, wawe wadogo au wenye mashamba makubwa. Kibali cha maji kutoka Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, pasipo kipimo kwenye banio, ni karatasi tu.

Swali gumu ni nani alipe. Maji haya yakitoka hifadhini yanaingia bwawa la Mtera, lenye mitambo ya megawati 80, yanashuka Kidatu, megawati 204, na mwisho yanajiunga na Rufiji. Mwanamke wa Mbarali akikubali mfereji ukauke mbele ya nyumba yake, anayefaidi ni mwenye friji Dar es Salaam na mgeni aliyekuja kuona viboko. Fedha za kisima chake zitoke huko: kwenye mapato ya umeme na kwenye viingilio vya hifadhi, na kisima kichimbwe kabla banio halijafungwa.