Sayyid Khalid Kwenye Sinia

Vita vya Unguja vya tarehe 27 Agosti 1896 vilimalizika kwa dakika zipatazo 38. Mimi nimevipigana mezani kwetu Wete tangu asubuhi, peke yangu, na hadi adhana ya Adhuhuri Waingereza hawajatia mguu nchi kavu.

Wenye mchezo huu wa kuigiza vita mezani huko Ulaya hununua vijiaskari vya madini au plastiki, vingine urefu wake milimita 15 tu. Pemba nani akuletee? Lakini itazame vizuri karafuu kavu: kiwiliwili chembamba, kichwa mviringo, na kofia juu. Askari kamili, na wamejaa jamvini. Basi karafuu wakawa watu wa Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitwalia kiti cha Usultani, iliki wakawa mabaharia wa Admirali Rawson wa Waingereza, na vipande vitano vya mdalasini vikawa manowari zake. Cha sita kikawa Glasgow, meli ya Sultani, ile iliyozamishwa bandarini. Wakubwa niliwafunga uzi shingoni: Khalid mwekundu, Rawson wa buluu.

Sheria zenyewe zinaenea nyuma ya bahasha. Upande wangu naamua mwenyewe, adui anaamuliwa na dadu: ikitoka 1 au 2 anasimama alipo, 3 au 4 anasogea, 5 au 6 anapiga. Siku ile dadu sijui ilikula kiapo gani na Khalid, maana Rawson alikuwa anapata moja juu ya moja. Vita vyenyewe hasa, watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa, na Muingereza aliyejeruhiwa alikuwa mmoja tu. Mezani kwangu manowari St George ilikuwa inakwenda chini! Nikaenda msikitini nikitembea kifua mbele.

Niliporudi, meza nyeupe. Imetandikwa kitambaa cha maua.

"Shangazi, askari wangu wako wapi?"

"Askari gani tena? Wageni wa dada yako walikuwa waje kesho, wameingia leo na boti, mie nahangaika na pilau. Ahsante kwa kunipangia viungo."

Nikakimbilia jikoni. Sufuria limeshapaliwa, makaa chini, makaa juu. Hata Rawson hakuwapiga hivyo.

Wageni wenyewe washenga, wamekuja na posa. Sinia likatuliwa mkekani, na mimi nikaketi nao, namsaka Khalid kwa ncha za vidole hadi kwenye upande wa watu, baba ananikata jicho. Mara mshenga mkuu akaacha kutafuna. Akaingiza vidole kinywani, akatoa karafuu iliyofungwa uzi mwekundu.

Yakhe, kwetu huku kitu kilichofungwa uzi mwekundu, ndani ya chakula cha wageni wa posa, hakihitaji mkalimani. Mzee mmoja akaanza kusoma Ayatul Kursiyu. Mwengine akanong'ona kwa sauti ya kusikika hadi barazani: "Kumbe kijana wetu keshalishwa limbwata, na leo zamu yetu."

"Ami," nikasema, "huyo ni Sayyid Khalid."

"Nani?"

"Sultani. Bin Barghash."

Hapo ndipo nilipoharibu zaidi, maana sasa dawa ina na jini, na jini ana jina. Yule wa Ayatul Kursiyu akaanza upya, kwa sauti. Ikabidi niende mbio nikalete bahasha na dadu, nieleze iliki ni nani na mdalasini ni nini, jasho linanitoka, dada analia nyuma ya pazia.

Mshenga alinisikiliza hadi mwisho, Sultani kamshika kwa vidole viwili.

"Mimi nijuavyo," akasema, "Khalid alikimbilia kwa balozi wa Kijerumani. Kinywani mwangu kafuata nini?"

Walicheka hadi vikofia vikawadondoka. Baba alicheka wa mwisho. Halafu mshenga akakunja mikono ya kanzu: "Na Rawson yuko wapi?" Posa ikasahauliwa, wazee wazima wakawa wanafukua wali. "Hii manowari Thrush!" "Aa, hiyo imevunjika, hiyo ndiyo Glasgow!"

Aliyekuwa akisoma ndiye peke yake asiyefukua. Kajishika koo.

"Iliki yenye uzi?" akauliza. "Mie nimeshammeza."

Shangazi akapiga ukelele nyuma ya pazia: "Mpeni maji, Admirali asije akapanda mwamba!"