Mwanafunzi wa udaktari kongamanoni ni shahidi, asigeuzwe hakimu wala pambo

Makongamano ya elimu ya udaktari siku hizi hayakamiliki bila mwanafunzi jukwaani. Wakuu wa vitivo, wakurugenzi wa hospitali za kufundishia na wajumbe wa mabaraza ya madaktari hutoa mada zao, kisha kijana mmoja huitwa asome risala ya wenzake. Hushukuru, huomba mawili matatu, hupigiwa makofi, na kikao huendelea kama kilivyopangwa. Wapo wanaoona hata dakika hizo chache ni nyingi mno kwa mtu ambaye bado anafundishwa. Wapo wanaotaka apewe kiti na kauli sawa na mkuu wa kitivo. Wanapobishana juu ya cheo cha mwanafunzi, swali lenye faida hubaki bila mwenyewe: mwanafunzi anajua nini ambacho watu wengine wote ukumbini hawakijui, na kongamano litakipataje?

Hoja ya viongozi wanaoona dakika hizo ni nyingi mno ina historia nyuma yake, na haifai kuipita kwa haraka. Mwaka 1910 Abraham Flexner, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alichapisha ripoti yake kuhusu vyuo 155 vya udaktari vya Marekani na Kanada. Vingi alivikuta vikiendeshwa kibiashara, vikiishi kwa karo. Chuo cha namna hiyo humhesabu mwanafunzi kuwa mteja, na mteja hapendi kuambiwa kwamba hafai. Kwa hiyo vilipokea watu wasio na msingi wa sayansi, vikawapitisha bila maabara ya maana wala wodi ya kujifunzia, na gharama ikawaangukia wagonjwa. Flexner alipima masharti ya kujiunga, idadi na ujuzi wa walimu, fedha, maabara, na uhusiano wa chuo na hospitali, na vyuo vingi vilivyokosa sifa vikafungwa au kuunganishwa na vingine. Kazi ile ilihitaji mtu asiyetafuta kupendwa na wanafunzi. (Ripoti hiyohiyo ilichangia kufungwa kwa vyuo vitano kati ya saba vilivyofundisha madaktari weusi nchini Marekani. Mizani ya wakubwa nayo ina upofu wake, na nitaurudia.)

Ipo hoja nyingine ambayo naiona nzito zaidi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha jaribio walilofanya kwenye madarasa ya fizikia. Wanafunzi walifundishwa mada zilezile kwa njia mbili: mhadhara uliopangika na kutiririka vizuri, na darasa ambalo walilazimika kutatua maswali wenyewe kwa vikundi. Waliotoka jasho walipata alama nzuri zaidi kwenye mtihani, lakini walipoulizwa walisema wamejifunza kidogo kuliko wale waliokaa kusikiliza. Ugumu waliouhisi waliudhania kuwa dalili ya ufundishaji mbaya, kumbe ndiyo kazi yenyewe ya kujifunza. Kiongozi akilisoma jaribio hilo, ana haki ya kuuliza: kama mwanafunzi hawezi kujua kiasi alichojifunza wiki hii, atajuaje iwapo anatomia inayomkosesha usingizi leo itamfaa miaka kumi ijayo? Zaidi ya hayo, mwanafunzi hupita. Baada ya miaka mitano au sita anahitimu na kuondoka, na anayebaki kujibu maswali ya baraza na malalamiko ya wagonjwa ni kiongozi yuleyule.

Haya yote nayakubali. Lakini ukiyasoma matokeo ya Harvard kwa utulivu utaona yanamkosoa mwanafunzi kwa kazi moja tu, kazi ya uhakimu. Yanasema hawezi kuaminiwa kupima thamani ya mafunzo kwa kuyahisi. Kuhusu uwezo wake wa kueleza kilichotokea, nani alikuwepo, kipi kilifundishwa na kipi hakikufundishwa, jaribio lile halisemi lolote. Na kwenye elimu ya udaktari ushahidi wa aina hiyo ni adimu kuliko wengi wanavyodhani.

Profesa wa upasuaji anaijua wodi yake. Profesa wa magonjwa ya watoto anaijua ya kwake. Mkuu wa kitivo anazijua ripoti zinazofika mezani. Anayepita wodi zote, moja baada ya nyingine, mchana na zamu ya usiku, ni mwanafunzi peke yake. Ndiye anayeona somo moja likirudiwa kwenye idara tatu, na jingine, tuseme namna ya kumpa mtu habari mbaya, likikosa mwalimu kwa sababu kila idara iliamini idara ya jirani imelishughulikia. Ndiye anayefundishwa darasani kwamba mgonjwa huombwa ridhaa kabla ya kuguswa, kisha akafika kwenye raundi na kuona mgonjwa anafunuliwa mbele ya watu kumi bila kuambiwa neno, akitajwa kwa namba ya kitanda. Mwaka 1994 Frederic Hafferty na Ronald Franks waliandika kuhusu mtaala uliofichika, yaani maadili ambayo mwanafunzi huyanyonya kutokana na mwenendo wa wakubwa wake na ambayo mara nyingi hukinzana na yaliyo kwenye mihadhara. Mtaala huo hakuna idara inayouandika, na kwa hiyo hakuna ripoti ya idara itakayouonyesha. Waliouona ni wale uliowafinyanga.

Hata mtaala ulioandikwa una mashimo ambayo mtaalamu hayaoni kwa sababu amekwisha kuyazoea. Malone Mukwende alikuwa mwanafunzi katika chuo cha St George's, London, alipogundua kwamba dalili za ngozi alizokuwa akifundishwa zilionyeshwa kwenye ngozi nyeupe. Wekundu wa uvimbe, midomo kugeuka bluu kwa kukosa oksijeni, vipele vya aina mbalimbali: kwa mgonjwa mweusi vinaonekana vipi? Pamoja na walimu wake wawili alitoa mwaka 2020 kijitabu cha picha na maelezo ya dalili hizo kwenye ngozi nyeusi na ya kahawia. Picha za ngozi nyeupe zilikuwa zimekaa vitabuni kwa vizazi vya madaktari, zikipita mbele ya macho ya watu wenye ujuzi mkubwa kumzidi. Yeye hakuwazidi akili wala elimu. Aliuliza kwa sababu bado hakuwa amezoea, na walimu wawili walikubali kwamba swali lake lilikuwa la haki.

Kuna takwimu moja ambayo kila ninapoitazama naona mjadala huu mzima umo ndani yake. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti karibu 200 kutoka nchi 47 kuhusu afya ya akili ya wanafunzi wa udaktari. Asilimia 27.2 walikuwa na sonona au dalili zake. Asilimia 11.1 walikuwa wamewaza kujiua. Tahadhari inahitajika: tafiti nyingi zilitumia madodoso, na dodoso si uchunguzi wa daktari, viwango navyo vilitofautiana sana kati ya utafiti na utafiti. Lakini takwimu inayonishika ni ya tatu, ambayo hutajwa mara chache kuliko hizo mbili. Miongoni mwa walioonekana kuwa na sonona, waliotafuta matibabu walikuwa asilimia 15.7 tu.

Chukua wanafunzi 1,000. Kwa viwango hivyo, 272 wana dalili. Kati yao, kama 43 wamekwenda kutafuta msaada. Wanabaki 229, wanaohudhuria mihadhara, wanaoshika zamu, wanaoandika historia za wagonjwa, na ambao hakuna daftari lolote la chuo lenye majina yao. Sasa jiweke kwenye kiti cha mkuu wa kitivo mwaminifu, asiyeficha kitu. Anaomba ripoti ya kitengo cha ushauri nasaha, anaambiwa waliokuja mwaka huu ni 43. Anasimama kongamanoni na kusema kwa moyo safi kwamba tatizo lipo ila si kubwa, na huduma zipo. Kila neno alilosema linalingana na karatasi aliyopewa, na bado amekosea kwa zaidi ya mara sita. Hao 229 hawakukaa kimya kwa ujinga. Wanasomea ugonjwa huohuo, wanaijua tiba yake. Wamenyamaza kwa sababu wanahofia kuonekana dhaifu katika kazi inayosifu wasiochoka, wanahofia siri zao kumfikia mtu atakayewatahini, wanahofia fomu ya leseni itakayowauliza kama wamewahi kutibiwa maradhi ya akili. Kila moja ya hofu hizo inatokana na jambo ambalo kiongozi anaweza kulibadilisha kwa saini yake, endapo atalijua.

Na hapa ndipo ninapotengana kidogo na wanaowatetea wanafunzi kwa hoja ya haki ya kusikilizwa pekee. Kumpandisha mwanafunzi mmoja jukwaani hakutaleta sauti ya hao 229. Anayechaguliwa kuzungumza kwa kawaida ni mwenye alama nzuri, anayeongea kwa kujiamini, anayeelewana na walimu. Huenda hajawahi kulala akiwaza kuacha masomo. Akiulizwa hali za wenzake atajibu kwa anachokijua, naye atakuwa amekosea kwa uaminifu uleule wa mkuu wa kitivo. Ukweli ule wa JAMA ulipatikana kwa sababu watu waliulizwa mmoja mmoja, kwa faragha. Shahidi anahitaji mazingira ya kutolea ushahidi, na kiti cha mbele mara nyingi si mazingira hayo.

Mipaka ya ushahidi na uamuzi ilionekana vizuri katika mtihani mmoja wa leseni wa Marekani, Step 2 CS, uliopima namna mtahiniwa anavyomhoji na kumpima mgonjwa wa kuigiza. Mwaka 2016 wanafunzi wa udaktari wa Harvard walianzisha kampeni ya kutaka ufutwe. Ada yake ilizidi dola 1,200, ulifanyika katika miji mitano tu, hivyo wengi waliongeza nauli na malazi juu ya ada, na zaidi ya asilimia 95 ya waliosoma ndani ya nchi walikuwa wakifaulu. Ulisitishwa mwaka 2020 wakati wa janga la korona, na Januari 2021 ukatangazwa kufutwa kabisa. Katika kueleza mzigo ule, hakuna aliyewashinda wanafunzi. Wao ndio waliokata tiketi za ndege. Lakini je, ni sawa nchi nzima ibaki bila mtihani wa pamoja unaomweka daktari mtarajiwa mbele ya mtu wa kuzungumza naye? Swali hilo linamhusu mgonjwa kuliko anayelipa ada, na wasiwasi wa walimu waliosikitikia kufutwa kwake ulistahili uzito wake. Uamuzi ulikuwa wa waendeshaji wa mtihani, na ndivyo inavyotakiwa. Ila bila ushahidi wa wanafunzi, sidhani kama faili lingefunguliwa.

Kwenye makaratasi, nafasi ya mwanafunzi imekwisha kukubaliwa. Shirikisho la kimataifa la vyama vya wanafunzi wa udaktari, IFMSA, lipo tangu mwaka 1951. Viwango vya mwaka 2015 vya WFME, shirikisho la dunia la elimu ya udaktari, vilikitaka chuo kiwe na sera ya uwakilishi wa wanafunzi katika kuunda mtaala, kuuendesha na kuutathmini. AMEE, jumuiya ya kimataifa ya walimu wa fani za afya, hutoa tuzo za ubora ziitwazo ASPIRE, na mojawapo ni ya vyuo vinavyowashirikisha wanafunzi wao. Mtu anaweza kudhani basi kazi imekwisha.

Haijaisha, kwa sababu ushahidi unaharibiwa njiani kwa mambo madogo ambayo hakuna kiwango kinachoyataja. Mwakilishi huteuliwa na ofisi ambayo anatakiwa kuizungumzia. Risala hupitiwa na mlezi wa wanafunzi kabla ya kusomwa, na sentensi yenye makali huwa ya kwanza kukatwa. Nauli na ada ya kongamano humwachia nafasi yule ambaye wazazi wake wanamudu, kwa hiyo anayefanya kazi za ziada ili alipe karo, mwenye mengi ya kusema kuhusu ratiba za zamu, hafiki. Haya yanarekebishika bila kusubiri azimio lolote: wanafunzi wamchague wenyewe, waandaaji walipe safari yake, na kabla ya kongamano yakusanywe maandishi yasiyo na majina kutoka kwa wenzake ili azungumze akiwa na mengi kuliko maisha yake mwenyewe. Viongozi nao wawekewe nafasi ya kujibu hoja moja moja ukumbini humo, hata kama jibu ni hapana na sababu zake, maana hapana yenye sababu humfundisha mwanafunzi namna chuo kinavyoendeshwa.

Gumu kuliko yote ni la mtahini. Mwanafunzi anayeeleza kilichotokea wodini anaweza kumwona aliyekifanya ameketi safu ya mbele, naye ndiye atakayemkabili kwenye mtihani wa mdomo baada ya miezi miwili. Waandaaji hawana mamlaka juu ya ratiba ya mitihani ya chuo. Mkuu wa kitivo anayo. Kabla hajakubali mwaliko wa kutoa mada kuu, aandike barua kwamba mwanafunzi yeyote atakayezungumza hapo atatahiniwa na watu wa chuo kingine, na nakala ya barua hiyo mwanafunzi apewe mkononi kabla hajapanda jukwaani.