Uchaguzi wa Ufini wa 1930: halali kwa kiti kimoja

Wafini walipiga kura Oktoba 1 na 2, 1930, kuchagua wabunge 200, mwaka mmoja tu baada ya uchaguzi uliotangulia. Vuguvugu la Lapua, la mrengo wa kulia lililopinga ukomunisti na lililoingiza wanaume wapatao 12,000 Helsinki Julai 7, lilitaka Wakomunisti wafutwe kwenye siasa. Serikali ya Waziri Mkuu Svinhufvud ilikuwa na miswada ya kufanya hivyo tayari, ila miswada hiyo iligusa haki za kikatiba: kuipitisha papo hapo kulidai sehemu tano kati ya sita za kura. Wasoshalisti wa Kidemokrasia, wenye viti 59, wakakataa. Ikabaki njia ya pili, kuiweka kiporo miswada hiyo hadi Bunge jipya, ambako theluthi mbili zingetosha.

Bunge likiwa limetimia, theluthi mbili ni kura 134, kwa hiyo kuzuia kulihitaji 67. Wasoshalisti walipata viti 66, kimoja pungufu.

Wanaoutetea uchaguzi huu wana hoja nzito. Waliojitokeza walipanda kutoka 55.6% hadi 65.9%, chama kikuu cha upinzani kiliongeza viti 7, na utaratibu wa katiba ulifuatwa hatua kwa hatua.

Lakini kura huharibika hata kabla ya sanduku kufunguliwa. Mwaka 1929 Wakomunisti, kupitia orodha yao ya wafanyakazi na wakulima wadogo, walipata 13.5% na viti 23. Kiangazi cha 1930 wabunge wao walikamatwa; wawili walitekwa Julai 5 wakiwa kwenye kikao cha kamati ya katiba. Magazeti yao yalifungwa, na orodha zao za wagombea zikazuiwa karibu kote nchini. Wakaambulia takriban 1%. Anayesema wananchi waliwakataa aeleze kwanza wangepigiwa kura wapi. Kushoto palikuwa na viti 82, vikabaki 66. Kwa maoni yangu, kuhesabu kulikuwa safi, uteuzi wa wagombea haukuwa.

Wala kura haikutuliza fujo: Oktoba 14 aliyekuwa rais wa kwanza wa nchi, Ståhlberg, alitekwa pamoja na mkewe na kupelekwa hadi Joensuu, mji wa mashariki.

Hata hivyo, kulinda utaratibu kulikuwa na faida ambayo wakosoaji huipita haraka. Wasoshalisti walibaki halali, na mwaka 1933 wakafikisha viti 78. Watu wa Lapua walipoasi huko Mäntsälä mwaka 1932, sheria ya kulinda jamhuri, mmoja wa ile miswada iliyowalenga Wakomunisti, iliyopitishwa na Bunge hilo la 1930, ndiyo iliyotumika kulipiga marufuku vuguvugu lao.