Kabla ya kusema sindano imeshindwa

Baba mdogo wangu yuko Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda. Kadi yake ya kliniki ina tarehe za sindano za kuzima testosteroni, homoni ya kiume inayotoka hasa kwenye korodani, moja kila miezi mitatu, na katikati pana mstari mtupu: safari ile nauli ya basi la usiku kwenda Kampala ilikosekana. Alipopimwa tena, PSA, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu kufuatilia saratani hiyo, ilikuwa juu, akaambiwa saratani yake ya tezi dume imekuwa sugu, yaani haisikii tena sindano.

Yawezekana ni kweli. Mwaka 1941 Charles Huggins na wenzake walionyesha kwamba mgonjwa akiondolewa testosteroni, saratani hii hunywea. Ila ikiwa imeshasambaa, kwa wengi hurudi. Seli zilizobaki hupata ujanja. Kuna zinazoongeza vipokezi vya homoni mpaka chembe kidogo tu inazitosha. Kuna zenye kipokezi kilichokatika pale pa kushikia homoni, na bado kinafanya kazi usiku na mchana. Nyingine hujitengenezea homoni kwa malighafi kutoka tezi zilizo juu ya figo, na njia hiyo ndiyo inayozibwa na vidonge vya abirateroni. Kwa hiyo anayetaka dawa ibadilishwe haraka simlaumu: saratani ikibana uti wa mgongo, mtu hupooza.

Lakini hauitwi usugu mpaka testosteroni iwe chini ya nanogramu 50 kwa desilita. Aliyekosa sindano, korodani zake huweza kuamka, na PSA ikapanda kwa kuwa saratani imelishwa tena. Kipimo kimoja cha damu, cha testosteroni, hutenganisha hali hizi mbili. Baba mdogo hakupimwa hicho, na hilo linaniuma, maana familia ilishaanza kuzungumzia kuuza ng'ombe kwa ajili ya vidonge. Kwa mtu mwenye pengo kwenye kadi, naona kipimo kitangulie.

Wapo wanaosema bora korodani ziondolewe, basi. Kwa mtu wa mbali na Kampala ni hoja nzito: upasuaji mmoja, habari ya nauli ya sindano imekwisha. Hata hivyo hauzuii usugu, kwani tezi za juu ya figo zinabaki, na seli zenyewe pia. Tena ni mwili wake. Wazee wengi hawataki hata kulisikia, na sindano huwaachia nafasi ya kurudi nyuma.

Baba mdogo mwenyewe ameomba apewe muda afikirie upasuaji. Damu atatolewa Jumatatu.