Bekapu ilifanya kazi vizuri tu

Kabla hamjanicheka niwaambie kitu kimoja, bekapu yangu, yaani ile nakala ya akiba ya mafaili, ilifanya kazi. Saa nane kamili za usiku, kama nilivyoiagiza, bila kukosea hata herufi. Na hapo ndo shida ilipoanzia.

Mimi hapa Uyole ndo fundi kompyuta wa ukoo, cheo nilichopewa siku nilipomfutia shangazi yale matangazo yaliyokuwa yanamrukia kwenye simu. Kompyuta yangu yenyewe ni mtumba, Core i5 ya kizazi cha nne, RAM 8GB, ukiiwasha mwezi wa saba inapasha chumba joto mpaka mama anahamia humo na ungo wake kuchambua maharage. Sasa Windows 10 ilipofikia mwisho wa huduma, 14 Oktoba 2025, nikaangalia Windows 11 naona inataka TPM 2.0 (kichipu cha usalama) na prosesa mpya, mashine yangu haina hata kimoja, basi nikahamia Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Jamani. Nilikuwa kama mlokole wa juzi. Kila nikikaa na mtu dakika mbili nimeshaanza kumshuhudia, Linux ni bure, Linux haina virusi vya hovyo hovyo, Linux imeanza 1991 na kijana wa chuo kule Finland, nilimshuhudia mpaka muuza mkaa naye akaniuliza gunia ngapi.

Mgumu alikuwa dogo. "Bro na magemu je?" Nikamwambia tulia, Steam, lile duka la magemu mtandaoni, ina kitu kinaitwa Proton toka 2018, gemu ya Windows inachezeka huku kama kwao. Akataja Fortnite. Nikakohoa. Zile za kushindana mtandaoni zenye mlinzi wa kukamata wezi wa mchezo, nyingine hazitaki kabisa kuisikia Linux, na Fortnite ni mojawapo. Akanuna siku mbili, mi sikujali maana gemu yangu ni Euro Truck Simulator 2, ya kuendesha malori Ulaya, ambayo ina toleo lake la Linux kabisa, na tena siku hizo nilikuwa naicheza na mtu.

Huyo mtu ni baba mdogo. Baba mdogo anaendesha semi ya ukweli, Dar mpaka Tunduma, akipita Uyole anapaki anakuja kunywa chai. Siku ya kwanza alisimama nyuma yangu na kikombe akaangalia kama nusu saa hivi.

"Mzani uko wapi?"

"Sijaona mzani baba mdogo."

"Yaani umetoka huko kote hujasimamishwa na trafiki hata mmoja? Nchi gani hiyo?"

"Ujerumani."

Akanywa chai. Akasema mteremko kama ule ungekuwa wa Iwambi saa hizi tungekuwa tunachanga.

Turudi kwenye bekapu. Nilikuwa na diski mbili za 1TB. Ya kwanza ndo yenye picha za ukoo mzima, inakaa dirishani juu ya kitambaa alichofuma mama, ya pili nyuma ya kompyuta, na kila usiku programu inayoitwa rsync inaamka kunakili ya kwanza kwenda ya pili. Rsync ipo toka 1996, imemzidi dogo umri na adabu. Mi nikaiongezea neno moja, --delete, maana yake chochote ambacho kwenye diski ya kwanza hakipo basi na kwenye bekapu kifute, zifanane kama mapacha. Halafu kwenye fstab, faili linaloiambia Linux diski zipi izifungue ikiwaka, nikaweka nofail, yaani diski isipoonekana kompyuta iwake tu isinisumbue. Nilijiona mtaalamu sana. Dada yangu alipolalamika simu imejaa na ile 15GB ya bure ya Google nayo imejaa, nilimjibu kwa sauti nzito kabisa, "futa tu dada, nyumbani kuna seva." Akafuta. Send-off yake yote, na bibi akicheza.

Sasa jioni moja dogo akataka tundu la USB achajie simu. Akavuta waya, diski ikafuata waya, ikadondoka kwenye sakafu ya simenti huku inazunguka. Dogo akaiokota, akairudisha kwenye kitambaa, akachomeka, kompyuta ikaganda, akaizima akaiwasha, ikawaka vizuri (nofail hiyo!), akaenda zake kulala kama hajui lolote. Mi nikiwa kitandani nasikia ko, ko, ko, nikajua panya wa darini.

Saa nane rsync ikaamka. Ikaenda pale penye picha, ikakuta folda tupu maana diski imeshakufa na kompyuta haiioni, ikasema sawa, bosi amefuta vyote, ikaenda kwenye bekapu nayo ikafuta vyote. Asubuhi nafungua naona kweupe kama ukungu wa hapa kwetu.

Nilikaa chini. Mama akaniuliza kama nimefiwa, nikasema bado.

Angalau nilijua jambo moja, ukifuta usiandike tena kitu juu ya hiyo diski, nikaichomoa mbio ile ya bekapu, nikaenda kuazima nyingine ya kuwekea vitakavyopatikana kwa mshikaji Mwanjelwa, nikawasha PhotoRec. Hiyo programu haisomi majina, inapekua diski nzima kutafuta chochote chenye sura ya picha au video. Ikapekua usiku na mchana wake. Vilivyorudi ni vingi, lakini vimerudi bila ubatizo, folda zinaitwa recup_dir.1, recup_dir.2, ndani f0283648.jpg na ndugu zake maelfu. Video nyingine nusu, ya keki kisu kinaingia na hakitoki tena. Na hili sikulifikiria kabisa, hairudishi vya jana tu, inafufua hata vile ulivyofuta mwenyewe zamani ukiomba Mungu visionekane tena.

Jumapili dada akaja na shemeji kutoka Iringa, wamekuja na mama mkwe wake. Baba mdogo naye alikuwepo. Chai, ndizi, watu kwenye makochi, kompyuta imeunganishwa kwenye TV. Dada hajui kilichotokea, anasema tu "weka ile ya bibi akicheza mama amuone." Mi nimekesha natafuta, kuna faili moja ukubwa unafanana, kapicha kake ka nje keusi tii, nikasema potelea mbali, ndo hii.

Nikabonyeza.

Akatokea mtu kavaa kofia ya sufu, kajifunga khanga ya mama mabegani, ameshika mwiko kama maiki. Ni mimi. Mwaka nilioutaka u-YouTube. "Karibuniii kwenye chaneli yenu pendwa, leo wanangu tunapeleka mzigo Rotterdam!" Kisha ananguruma kama injini kwa mdomo, anabadilisha gia kwa mwiko, na kila akishika breki anafanya pshhhh huku mate yanaruka kwenye kamera. Natafuta kibodi ni-pause, kibodi kaikalia dogo na dogo hawezi kunyanyuka kwa kicheko. Mama mkwe wa dada kaangalia chini kwenye kikombe chake. Mama kaitambua khanga yake.

Dakika nne nzima. Ilipoisha hakuna aliyenena, isipokuwa baba mdogo ambaye muda wote hakucheka hata kidogo, kajikunja mbele kwenye kochi.

"Hebu rudisha nyuma," akasema. "Pale kwenye kona umeingia na gia kubwa."